Maswali na Majibu: Wakili, Risiti na Faili Lako

Nitajuaje kama huyu ni wakili wa kweli? (Likoni)

Swali hili haliishi kuletwa, na mara nyingi huletwa pesa zikishatoka. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK), tafuta jina lake kamili na utazame hali yake ya mwaka huu. Cheti cha kufanya kazi ya uwakili ni cha mwaka mmoja, huisha Desemba 31. Aliyemtetea ndugu yako miaka mitatu iliyopita huenda leo amesimamishwa.

Jina pekee halitoshi. Mwaka 2023 nchi nzima ilisikia habari za mtu aliyeshtakiwa kwa kujifanya wakili akitumia jina la wakili mwingine. Kwa hivyo nenda ofisini kwake, si mkahawani, uhakikishe ofisi na nambari ya simu ni zile zile zilizo kwenye barua zake.

Kuna kijana hukaa nje ya korti, asema atanitafutia wakili wa bei nafuu. Nimwamini? (Bamburi)

Mpite.

Nilivunjika mguu kwenye ajali ya matatu Changamwe. Mtu alinifuata hospitalini, na wakili aliyenipeleka kwake ataka asilimia 40 ya fidia. Tukishindwa, silipi kitu. Ni halali? (Changamwe)

Si halali. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ada hufuata kanuni za malipo ya mawakili, na mkikubaliana kiasi, kiandikwe na wewe mwenyewe utie sahihi. Huyo aliyekufuata wodini ni dalali, na kamisheni yake itatoka kwenye fidia yako.

Linaloniuma zaidi hutokea mwishoni. Bima imelipa, hundi imepita kwa wakili, majeruhi aambiwa asubiri. Akija kuuliza, aonyeshwa karatasi aliyoitia sahihi zamani, nafasi ya kiasi ikiwa wazi. Usitie sahihi karatasi ya kukubali malipo isiyoandikwa kiasi. Dai nakala ya hukumu au ya mapatano na bima, na nakala ya hundi. Pesa hizo lazima ziingie kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi, kisha upewe hesabu iliyoandikwa ya kila kilichokatwa. Baki na nakala za abstrakti ya polisi (taarifa yao fupi ya ajali), fomu ya P3 (ambayo daktari huandika majeraha yako) na risiti zote za hospitali. Tena usilale: dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3 tu tangu ajali.

Nanunua nyumba Kisauni. Muuzaji asema wakili wake atatufanyia sote wawili, nipunguze gharama. (Kisauni)

Utapunguza ada kidogo, uhatarishe nyumba nzima. Siku mtakapogombana, wakili huyo atakuwa wa nani? Tafuta wako, na kazi yake ya kwanza iwe kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi, kabla ya mkataba. Kwetu Mombasa kuna swali lingine ambalo wakili mvivu haulizi: waiuziwa nyumba na ardhi yake, au nyumba bila ardhi? Ikiwa ni bila ardhi, mwenye ardhi ni nani, kodi yake imelipwa hadi lini, na amekubali mnunuzi mpya kwa maandishi?

Mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote na shahidi, na uonyeshe jina na anwani ya aliyeuandika. Ukikuta umeandikwa na dalali, simama hapo hapo. Arubuni, yaani malipo ya kwanza ya kushikia nyumba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ishikwe na wakili kwa masharti yaliyoandikwa, asimkabidhi muuzaji mapema. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na hulipwa serikalini. Ukitoa pesa hizo usione risiti ya serikali, zifuatilie siku hiyo hiyo. Kutuma laki kadhaa kwa simu ya binafsi ya karani ni kuzitupa baharini.

Wakili wangu hapokei simu tangu mwaka jana. (Tudor)

Nambari ya kesi unayo? Wengi wenu hamna, na hilo ni kosa lenu. Ukiwa nayo, masjala ya korti itakwambia kesi imefika wapi, na orodha za kesi za kila siku hutangazwa mtandaoni. Harakisha: kesi ya madai iliyokaa mwaka mzima bila hatua yoyote yaweza kufutwa.

Kubadilisha wakili ni haki yako. Kabla ya hukumu, wakili mpya huwasilisha ilani tu; baada ya hukumu huhitajika idhini ya korti au makubaliano na wakili wa zamani. Wa zamani anaweza kuzuia faili hadi alipwe, lakini bili yake ikikushangaza, korti ina afisa wa kuikagua. Malalamiko yapeleke LSK au kwenye tume ya malalamiko dhidi ya mawakili iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, huko hulipi. Ila malalamiko hayasimamishi kesi, kwa hivyo tafuta wakili mpya kwanza.

Wakili wangu ataka 50,000 "za hakimu". (Majengo)

Ondoka na faili lako leo. Ni rushwa, na mtoaji pia hushtakiwa. Mara nyingi hakimu hata hana habari.

Nadai 180,000. Wakili ataka 60,000. (Mikindani)

Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Beba mkataba, jumbe na taarifa za M-Pesa, uanzie masjala.