Usitupe hivyo vishikio vya droo mkuu, cheki kwanza ni plastiki gani

Mkuu tulia kwanza. Umesema dresa ni ya Marekani ya miaka ya 30, vishikio vya droo vimekuwa vya njano vimefubaa, viwili havipo, unataka ung'oe vyote uweke vya chuma vipya. Mi fanicha za zamani ndo kazi yangu huku Michigan na nakwambia ukivitoa hivyo umeua nusu ya hiyo dresa.

Sugua kimoja na dole gumba mpaka kipate joto, nusa fasta. Ukisikia formalini ni bakelaiti au ndugu yake katalini, plastiki ngumu za zamani, ukisikia kafuri hiyo ni seluloidi, plastiki nyingine ya kale, iweke mbali na moto maana inawaka vibaya sana. Kwa hiyo anayekwambia uchome na sindano ya moto ili kupima achana naye. Bakelaiti, ile aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, mara nyingi ni nyeusi au kahawia coz walichanganya na unga wa mbao, vyako kama vinapitisha mwanga kidogo basi nahisi ni katalini na inawezekana kabisa havikutoka kiwandani vya njano! Katalini nyeupe ikizeeka inakuwa rangi ya siagi, ya bluu inaenda kwenye kijani. Geuza uangalie mgongoni palipogusa mbao, mara nyingi rangi ya mwanzo inajificha hapo.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usiloweke, kausha halafu paka Simichrome (dawa ya kung'arisha chuma) na kitambaa laini, kitambaa kikigeuka njano ndo bakelaiti au katalini yenyewe. Msasa hapana, na vile vyeusi ndo kabisa usisage vikavu maana baadhi vilitiwa asbesto.

Skrubu sasa, hapa ndo watu wanaharibu. Za Marekani nyingi ni saizi ya 8-32 (kipimo cha inchi), M4 ya milimita inaingia mizunguko miwili mitatu unadhani imekubali kumbe nyuzi hazilingani, ukilazimisha unazila, ukikaza sana kishikio kinapasuka na hii plastiki haiyeyuki useme utaiunga kwa moto.

Viwili vilivyopotea tafuta kwenye masoko ya mitumba ya vitu vya kale, beba kimoja mkononi usiamini picha. Ukipata vinavyokaribiana tu, hamisha vya droo ya chini kabisa vije juu, hivyo vipya vikae chini, hakuna anayeinama kuangalia huko.