Barua kwa Mwanangu Anayetafuta Nyumba Sakina

Kiboriloni, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Unasema kwamba wenye nyumba wawili wa Sakina, hapo Arusha, wamekukatalia ndani ya wiki moja, mmoja baada ya kusikia kuwa kazi yako ni kuongoza watalii, mwingine baada ya kukuuliza kama umeolewa, na sasa unaniuliza ufanye nini ili yule wa tatu, unayekwenda kumwona Jumamosi, akukubali. Nitakujibu kama mtu aliyepangisha vyumba vya uani kwa miaka 12, maana mengi ya hayo yalitokea wewe ukiwa bweni.

Kodi ya kwanza haimsumbui mwenye nyumba, kwa kuwa huipokea kabla hajakukabidhi ufunguo, iwe ya miezi mitatu au sita. Kinachomkosesha usingizi ni kodi ya pili. Ndiyo maana neno utalii lilimshtua yule wa kwanza: watu wa Arusha wanajua kwamba masika yakianza mwezi Machi safari hupungua hadi Mei, na hawajasahau mwaka 2020, korona ilipozuia wageni na waongozaji wengi wakakaa nyumbani bila kipato. Jambo hilo usilifiche. Litaje wewe kabla hujaulizwa, kisha umweleze kwamba, kwa kuwa unahamia Agosti na utalipa miezi sita, kodi inayofuata itaangukia Februari, wakati nyumbu wanazaa kule Ndutu na wageni wapo, kwa hiyo kodi ya masika itakuwa imeshalipwa kabla mvua hazijaanza. Mimi mwenyewe ningempa chumba mpangaji aliyenipangia hesabu yake namna hiyo, hata kama kipato chake ni kidogo.

Swali la ndoa limeniuma, kwa sababu ninajua linaulizwa kwa wasichana kuliko kwa wavulana, na si haki. Hata hivyo usivae pete ya uongo kama shangazi yako anavyoshauri. Jibu kwa upole kwamba unaishi peke yako na kwamba mdogo wako atakuja wakati wa likizo. Idadi ya watu ni jambo zito kuliko unavyodhani, hasa penye mita moja ya LUKU na bili moja ya maji inayogawanywa kwa vichwa. Niliwahi kumpokea kijana aliyeniambia yuko peke yake, na kabla ya mwezi kwisha chumba kile kilikuwa na watu watano. Wapangaji wengine walikataa kuchangia umeme, wakawa wananijia kila jioni na malalamiko, nami nikaishia kumwomba ahame. Angenieleza ukweli mapema, ningempa chumba kikubwa cha upande wa barabarani, ambacho wakati huo kilikuwa wazi.

Fika kwa wakati mliopatana, na ukichelewa piga simu. Ukiingia uani, mwamkie kila utakayemkuta, hata mama anayefua na mzee aliyekaa kibarazani, shikamoo kwa anayestahili, maana ukishaondoka mwenye nyumba atawauliza wamekuonaje. Mimi huwauliza daima, na sijawahi kumchukua mpangaji ambaye wote wamemkataa. Mavazi yawe safi na ya heshima, basi.

Usiogope kuuliza maswali. Uliza maji hutoka siku zipi, nani hulipia gari la kunyonya choo shimo likijaa, na geti hufungwa saa ngapi, kwa sababu wewe hurudi usiku ukitoka kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, na ni bora hilo lijulikane sasa. Mtu anayeuliza hivyo huonekana amekuja kukaa. Omba pia kuusoma mkataba kwa utulivu kabla ya kutia saini. Mwenye nyumba mwema hatachukia.

Beba nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, barua ya mwajiri, na barua fupi kutoka kwa mwenye nyumba wako wa Kijenge inayosema kwamba ulilipa kodi kwa wakati na umekiacha chumba katika hali nzuri. Barua hii ya mwisho ndiyo ningeisoma kwanza, kwa hiyo mwendee kabla ya Ijumaa, na ukimkuta na kinyongo juu ya kile kitasa kilichovunjika, kilipie. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo kawaida, lakini usimpe hata shilingi kabla hujaonana na mwenye nyumba mwenyewe na kupata uhakika kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ni yake.

Akihitaji mdhamini, mpe namba yangu. Jumamosi sitakwenda sokoni. Nitakuwa na simu tangu asubuhi.

Mama yako