Feni ya umeme haitaongeza nguvu kwenye Toyota IST yako

Ndugu yangu, nimekuelewa: IST yako inachoka ikijaa abiria, na muuzaji wa Kariakoo anakuhakikishia kuwa feni ya umeme kwenye bomba la hewa itaiongezea nguvu. Tafadhali usiinunue. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta takriban lita 4,500 za hewa kila dakika, na kuishindilia kwa shinikizo la maana kunataka kilowati kadhaa, yaani mamia ya ampea kwa volti 12, ilhali feni hiyo ina nyaya nyembamba kama za taa. Supachaja (kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini) ya umeme ya kweli ipo: Audi SQ7 ya 2016 iliwekewa mfumo wa volti 48. Hiyo ya plastiki huweza kuziba hewa, au ikavunjika vipande vikaingia kwenye injini. Badilisha ea klina (chujio la hewa) na plagi. Gari likiendelea kuchoka, mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia.