Maswali na majibu: Mgahawa wakati pesa imeadimika

Barua za safari hii zina kilio kimoja: uchumi umekaza, meza hazijai, na mwenye mgahawa bado anataka kukua. Nimechagua tano.

Nimeshauriwa nishushe bei zote kwa asilimia 20 ili wateja warudi. Nifanye hivyo?

Shika kalamu kwanza. Tuseme sahani unaiuza 100 na vitu vya kuipikia vinakula 35. Unabakiwa na 65 za mishahara, pango, gesi na umeme. Ukishusha bei hadi 80, ile 35 haitikisiki, kwa hiyo unabakiwa na 45. Sahani 100 zilizokuwa zikikuachia 6,500 sasa lazima ziwe 145 ili upate kiasi kile kile. Hao walaji wa ziada watatoka wapi wakati kila mtu anahesabu senti zake? Na wakija, jiko lako litawamudu?

Mimi ningeongeza sahani moja au mbili za bei nafuu, zilizopigiwa hesabu tangu mwanzo: mboga za msimu, au kipande cha nyama ngumu kinachopikwa taratibu mpaka kilainike. Aliyebanwa apate pa kuingilia, mwenye uwezo aendelee kulipa kama kawaida. Ofa iweke saa ambazo viti viko vitupu. Kumpa punguzo mtu ambaye tayari yuko kwenye foleni ni kumgawia faida yako bure.

Menyu yangu ina vyakula 60. Nikipunguza, sitapoteza wateja?

Punguza. Mwaka 1982 Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walieleza njia inayotumika mpaka leo: kila chakula kipime kwa mambo mawili, kinaagizwa mara ngapi na kinakuachia kiasi gani. Kinachofaulu kote kuwili usikiguse. Kinachopendwa lakini kinaacha kiduchu, kipandishe bei kidogo au punguza vinavyoambatana nacho. Chenye faida lakini hakitoki, kibadilishe jina, kisogeze juu, wahudumu wakitaje mezani. Kilichofeli kote kuwili kifute. (Kuna kimoja mpishi wako atakililia. Mpe wiki moja ya matanga.)

Ila hesabu iwe ya kweli. Kilo 10 za nyama zikitolewa mifupa na mafuta zikabaki 7, kila kilo iliyoingia sufuriani imekugharimu karibu asilimia 43 zaidi ya bei ya bucha. Wengi huandika bei ya bucha, kisha wanashangaa faida imepotelea wapi.

Programu za kuagiza chakula kwa simu zinalipa?

Zinakutangaza. Kulipa ni jambo jingine, maana kamisheni inaweza kufika asilimia 30. Ile sahani yetu ya 100 hapo inakuachia 35, na bado hujanunua vifungashio. Peleka huko vyakula vinavyostahimili safari tu, na kama mkataba unaruhusu, tia kikaratasi chenye namba yako ili mara ya pili wakupigie wewe.

Nipunguze wafanyakazi?

Punguza saa kwanza. Tafuta zamu ambayo mauzo yake hayafikii hata chakula, gesi na mishahara ya zamu hiyo, uifunge. Pango usilitie humo, kwa sababu utalilipa ufungue usifungue.

Jirani amefunga mgahawa wake na mwenye nyumba ananipa fremu kwa pango la chini. Nifungue tawi?

Kwanza ujue kwa nini jirani alifunga. Kama ni kukosa wateja, pango dogo halitakuletea wateja. Kama bado unaitaka, huu ndio wakati wa kubana: omba miezi ya matengenezo bila pango, pango linalopanda na kushuka na mauzo, na kipengele cha kutoka mapema. Majiko na majokofu nunua yaliyotumika. Migahawa ikifungwa mingi, vifaa huuzwa kwa bei ya kutupa.

Ugumu mwenyewe uko pale ulipo sasa. Kaa nyumbani wiki mbili bila kupiga simu jikoni. Ukirudi ukakuta vilivyotoka stoo vinalingana na vilivyouzwa, niandikie tena tuzungumze habari ya tawi.