Viungo vya kuelekea tovuti ya nyumba ya wageni Paje

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kuzivutia tovuti nyingine ziweke viungo vya kuelekea tovuti ya nyumba yako ya wageni Paje, Zanzibar, bila kuvinunua. Umeamua vyema, kwani kununua viungo ili kupanda katika matokeo ya utafutaji ni kukiuka kanuni za Google, ambayo mwaka 2012 ilianzisha mfumo wa Penguin kupambana na hila hizo.

Ningekushauri uandae ukurasa wa maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ya Paje hupwa hadi mbali sana, na mgeni aliyekuja kuogelea hujikuta akitazama mchanga mtupu na akina mama wakishughulikia mwani wao. Pata makadirio kutoka chanzo rasmi, kwa ruhusa, kisha ueleze siku kwa siku ni saa ngapi panaogeleka na ni saa ngapi mtu anaweza kutembea hadi mashamba ya mwani na kurudi kabla maji hayajajaa. Ukurasa wa namna hiyo, ukihuishwa kila mwezi bila kukosa (hapo ndipo wengi huchoka), utawafaa waongoza watalii, shule za kaiti (mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara) na waandishi wa safari, nao watakuwa na sababu ya kweli ya kuuelekezea wasomaji wao.

Picha zako pia ziruhusu zitumike bure, kwa sharti kwamba utajwe pamoja na kiungo cha tovuti yako. Ukikuta tovuti ya safari yenye kiungo kilichokufa (kisichofunguka tena) kuhusu Paje, mwandikie mwenye tovuti hiyo kwa heshima, umwoneshe kilipo, ndipo umpendekezee ukurasa wako.