Jibu: Nina miaka 29, nimechelewa kusomea lemuri?

Habari ndugu. Umeuliza kama mwenye shahada ya biolojia aliyeishia benki bado anaweza kuwa mtafiti wa lemuri, wale wanyama wa Madagaska walio jamaa wa komba. Anaweza. Patricia Wright, mtafiti maarufu wa lemuri, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii New York, na shahada ya uzamivu (PhD) aliipata 1985 akiwa ameshavuka 40. Mwaka uliofuata akakuta kwenye msitu wa Ranomafana, Madagaska, lemuri wa dhahabu ambaye sayansi haikuwa imemwandika bado. Msitu ule ukawa hifadhi ya taifa 1991.

Cha kwanza kagua Kifaransa chako, maana Madagaska kinatumika. Mimi nilikwenda kule miezi minne kama msaidizi nikitegemea Kiingereza, nikabaki kutabasamu tu huku waongozaji wa kijijini, wanaoujua msitu kuliko sisi wote, wakipiga soga.

Halafu jipime uvumilivu. Unamfuata mnyama mmoja kuanzia alfajiri, kila dakika tano unaandika anafanya nini. Daftari langu la siku ya kwanza: "anakula mwanzi, anakula mwanzi, amelala." Mvua haikatiki, ruba kaning'inia kwenye kope. Na mwanzi wenyewe una sianidi ya kuua mtu, yeye anatafuna tu!

Benki usiache kwanza. Kama uko Dar, omba kibali uingie msitu wa Pugu usiku. Kuna komba wa Rondo, naye yuko hatarini. Chukua tochi na kinasa sauti, maana komba hutofautishwa kwa milio. Ukivumilia wiki mbili, njoo inbox tuandike barua ya maombi.