Rili inayosokota mshipi wa kuvulia: je, ninunue nyingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, huvua samaki wa besi katika Ziwa Naivasha kwa rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ile ambayo spuli yake, yaani kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, huzunguka wakati wa kurusha, lakini kila nirushapo chambo bandia, mshipi hujisokota. Je, nibadilishe rili? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kitu bado. Spuli ikizunguka kwa kasi kuliko mwendo wa chambo, mshipi hulegea na kujifunga. Kwa hiyo kaza kile kifundo kidogo kilicho upande wa mpini, hadi chambo kikiachiliwa kishuke polepole na spuli isimame kinapogusa ardhi, kisha ongeza breki ya spuli, na kidole gumba kisibanduke kwenye spuli mpaka chambo kitue. Chambo chepesi sana, kwa mfano cha gramu 3, kinafaa zaidi rili ya spuli isiyozunguka. Kwa kuwa besi hupenda kujificha kwenye magugu, mimi ningechagua ufito wa kuvulia wa futi 7, mgumu kiasi, unaopinda karibu na ncha.

Baada ya kuvua, ifute rili kwa kitambaa chenye unyevu (kuitumbukiza majini ni kuiharibu), utie tone moja la mafuta kwenye beringi na grisi kidogo kwenye gia, kisha ulegeze kile kigurudumu chenye umbo la nyota kinachodhibiti jinsi samaki anavyoweza kuvuta mshipi, kabla ya kuihifadhi rili.